Gari la Kioo cha Kuzungusha kwa Mkono

Zamzam binti yangu,

Salamu za baba yako zikukute umekwisha kunawa vumbi la safari, umekaa mahali ambapo hakuna mtu wa kukuchungulia begani. Barua hii nitaichomeka chini kabisa ya mkoba wako, chini ya zile shuka za mama yako, kwa kuwa nataka uisome ukiwa umeshafika. Ukiisoma ndani ya basi utalia mbele za watu, au utanikasirikia, na kukasirika kutoka Arua mpaka Kampala ni kazi ngumu kwa mtu aliyebanwa kwenye kiti.

Sitakuandikia habari za kula vizuri na kufunga mlango. Mama yako amekuambia mara tatu, na shangazi yako Safi atakuambia tena leo jioni watu watakapokuja kukuombea dua. Sasa hivi ni baada ya alasiri. Nimekaa kwenye benchi nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, nawasikia wanawake ndani wakikaanga gurusa, ile mikate yetu myembamba, na kucheka. Nimewaambia naandika orodha ya vitu vya kununua sokoni. Wameniamini bila kuuliza, maana siku hizi nimechoka kiasi kwamba hakuna anayenishuku kwa lolote.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kinubi chetu nakijua cha kusema tu, sijawahi kukiandika, na Kiingereza changu ni kile cha kujaza daftari la safari: nimetoka wapi, nimefika wapi, kilomita ngapi. Kiswahili nilikipata kwa baba yangu, naye alikipata jeshini, kisha mimi nikakinyoosha kwa kusikiliza redio nikiwasubiri mabosi watoke mikutanoni. Dereva ana saa nyingi za kusubiri.

Unakwenda kuuza magari mapya. Nimefurahi, Zamzam. Nalisema waziwazi kwa kuwa uso wangu hauonyeshi kitu tena. Ulijifunza klachi ukiwa na miaka kumi na mitano kwenye kile kiwanja cha Dadamu, ukazima injini mara kumi na moja, na mara ya kumi na mbili ukaondoka kweli ukanisahau nimesimama peke yangu katikati ya kiwanja. Kazi hii ni yako kabisa, na waliokuchagua wana macho.

Lakini kuna maneno uliyoyasema wiki iliyopita uliporudi kutoka kwenye usaili. Ulitueleza jinsi walivyokuuliza kama utaogopa kuyaendesha magari makubwa ya wateja, nawe ukawajibu, "Baba yangu husema dereva mzima haambiwi mambo ya gari." Mama yako akacheka, Safi akapiga makofi. Mimi nikanyanyuka, nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji, na tangi lilikuwa limejaa. Ulidhani nimezidiwa na furaha. Maneno hayo umeyasema humu ndani tangu utotoni, ukikunja kidole kama nilivyokikunja mimi, na kila unapoyasema natafuta kisingizio cha kutoka nje. Nataka niyachukue mwenyewe kutoka mdomoni mwako kabla hujaanza kazi. Ili niyachukue, lazima nikueleze yalitoka wapi, kwa maana wewe ulisikia mwisho tu wa habari yenyewe.

Unalikumbuka gari langu la kazi? Nasema langu, ingawa lilikuwa la shirika na ubavuni lilikuwa na alama ya shirika kubwa kama sinia. Nililipokea likiwa jipya, plastiki ingali kwenye viti. Halikuwa na kitu. Sakafu yake ilikuwa ya mpira, ukirudi kutoka kwenye matope unaimwagia ndoo ya maji, imekwisha. Vioo vya kuzungusha kwa mkono. Redio yenye vifundo viwili. Mbele ya usukani mishale minne: mwendo, mafuta, joto, chaji. Hakuna kilichong'aa wala kilichosema. Likikohoa, ungesikia kwa sikio lako linakohoa wapi, ungefungua boneti ukaiona injini yote imekaa mbele yako, na katikati yake nafasi ya kuingiza mikono miwili na spana. Siku moja mkanda wa feni ulinikatikia mbali na watu, nikafunga ukanda wa mpira niliokata kwenye tairi la baiskeli, tukafika. Nililipenda gari lile. Kuna siku nililipenda kuliko nilivyoipenda nyumba hii, na mama yako alilijua hilo.

Magari ya namna hiyo mapya tumeyaona kila siku hapa Arua, meupe, yakipita kwenda kambi za wakimbizi na kurudi. Mtu wa nje angedhani nchi imejaa magari hayo. Lakini jaribu kumtaja mtu mmoja wa Arua, mkulima au mfanyabiashara, mwenye kumiliki moja aliloanza nalo likiwa jipya. Mimi nimeyaendesha miaka kumi na mmoja na simjui hata mmoja.

Basi huko Lobule, nje ya Koboko, kulikuwa na kikundi cha wanawake wakulima. Mwenyekiti wao ni Mama Kiden, yule mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mlima wa pili. Mvua iliponyesha na boda zote zikakwama, gari langu jeupe lilifika kwao, kila mara, nao wakaliona. Walikuwa wameweka akiba misimu mingi, ya muhogo na maharage, na mradi mmoja ukawaongezea. Walitaka pikapu ya kupelekea mazao sokoni Koboko, na ya kumbeba mgonjwa inapobidi. Siku moja Mama Kiden alikuja akaweka mkono kwenye mlango wa gari langu.

"Mzee Rajabu, sisi nataka gari. Hapana ile ya kung'aa. Nataka kama hii yako, hii ya kuzungusha dirisha na mukono. Hii hata ikiharibika, mutu na spana anatengeneza."

"Mpya au ya mtu?"

"Mupya. Hatutaki ugonjwa ya mutu mwingine."

Wakanipa mimi kazi ya kwenda kulinunua, kwa kuwa ni dereva, ni mtu mzima, na hawakumjua mwingine. Unajua nilivyovimba? Siku ya kuondoka walichinja kuku. Katekista wao akaomba, kisha wakanitaka nami nisome yangu, nikasoma Fatiha, wanawake Wakristo arobaini wakaitikia amina. Mama Kiden akaninyunyizia maji miguuni, ili njia inipokee. Mtu akishafanyiwa hivyo, kwao na kwetu vilevile, watu hukaa wakiitazama barabara mpaka arudi, na yeye mwenyewe hujiona hana ruhusa ya kurudi mikono mitupu. Hakuna aliyenitamkia hilo. Nililibeba mwenyewe.

Kampala nikaingia duka la magari mapya, sakafu inateleza, nikamweleza muuzaji ninachotaka. Injini ya dizeli, gia ya mkono, vioo vya kuzungusha, sakafu ya mpira. Alikuwa kijana mwenye adabu, sitamsingizia. Akaniambia gari hilo lipo na linatengenezwa mpaka leo, ila hulileta kwa oda za mashirika, mengi kwa pamoja. Mtu au kikundi kikitaka moja, kisubiri labda mwaka, labda zaidi, na bei haitakuwa ile. Dukani wanaweka lile wanalolitaka watu.

"Watu gani?" nikamuuliza.

Akaninyooshea kidole kwenye gari moja hapo ndani. Baba na mama na watoto wawili walikuwa wamekaa humo, watoto wanagusa skrini kubwa kama mlango wa kabati, wanacheka. Akasema, kwa upole tu, hilo lako, mzee, hakuna anayeliuliza. Nikamwambia mimi nimeuliza. Akatabasamu. Nikazunguka maduka mengine matatu siku hiyo, kwa miguu, na kote nikakuta adabu ileile na jibu lilelile. Niliangalia hata yaliyotumika. Yale ya kawaida yalikuwa yamechoka kama mimi nilivyo leo, maana mwenye gari la namna hiyo halitoi mkononi mpaka limekwisha.

Saa kumi jioni simu ikalia. Mama Kiden. Nyuma yake nasikia wengine wanauliza, amepata, amepata? Akasema, "Mzee, umepata?"

Nikasema, "Nimepata."

Sikuwa nimepata kitu, Zamzam. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara na viatu vinaniuma. Ningeweza kusema hakuna. Neno hilo lilikuwa mdomoni kabisa. Nikaona kuku waliochinjwa, nikaona maji miguuni kwangu, nikaona jinsi nitakavyoshuka Koboko bila gari mbele ya macho yote yale. Asubuhi nikarudi kwa yule kijana, nikachukua pikapu mpya ya milango minne, nyekundu, yenye skrini.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo penye kosa. Alipokuwa akinikabidhi funguo, kijana alinieleza mambo mawili, tena akayarudia. La kwanza, gari hili linywe dizeli safi ya kituo kikubwa tu. La pili, kwenye bomba la moshi kuna chujio la kushika masizi, na chujio hilo hujisafisha lenyewe gari likikimbia mwendo mrefu kwenye lami, walau mara moja kwa wiki. Likienda polepole kila siku, linaziba. Taa ya njano itawaka. Ukiidharau, injini itajipunguzia nguvu yenyewe, na hapo hakuna spana, ni kompyuta. Akaniuliza, mnalipeleka wapi? Nikamwambia Arua. Sikutaja Lobule. Nikawa naitikia kwa kichwa kama mtu aliyeyajua hayo tangu zamani.

Lobule unaijua. Barabara ya udongo, mawe na mito midogo, gia ya kwanza na ya pili, asubuhi mpaka jioni. Na dizeli ya huko ni ya jerikeni, inayovuka mpaka kwa baiskeli.

Walinipokea kwa vigelegele. Mama Kiden akaupapasa mlango kwa ndani, mkono wake unatafuta.

"Ya kuzungusha iko wapi?"

Nikamwambia siku hizi wameboresha, nikabonyeza kitufe, kioo kikashuka chenyewe, wanawake wakapiga kelele za furaha. Yeye hakupiga. Alinitazama kidogo tu, halafu akampa dereva wao mpya, Wani, ufunguo.

Wani ulimwona mara mbili tatu. Alikuwa dereva wa lori Yei, Sudan Kusini, akavuka kuja Koboko vita vilipowafukuza, na wanawake wale walimchagua kwa sababu alilipanda gari kama mgeni anayeingia sebuleni, anakung'uta viatu kwanza. Siku ile ile aliniuliza, kwa heshima, "Mzee, hii gari iko na masharti yake?"

Nikamwambia, "Gari ni gari."

Nilikuwa na yale mambo mawili kichwani mwangu, mazima, neno kwa neno. Kama ningeyasema, wangejua kwamba nimewaletea kitu kisichofaa kwao. Kwa hiyo nikayameza, nikasema gari ni gari, wakanipa kuku wa kurudi naye nyumbani. Ulimla wewe pia.

Miezi kadhaa likaenda vizuri. Kisha Wani akanipigia simu, taa ya njano inawaka, afanyeje? Nilijua kabisa afanye nini. Alitoe Lobule, alikimbize kwenye lami ya Koboko mpaka Arua na kurudi. Lakini kumwambia hivyo ni kukiri kwamba nilijua, naye angeuliza mbona hukusema. Nikamwambia, "Izime, uiwashe tena, itaondoka. Wewe tembea tu."

Wiki mbili baadaye Kiden, binti wa Mama Kiden, alishikwa na uchungu. Mimba ya kwanza. Wakamlaza kiti cha nyuma, Wani akaondoka naye na mama yake kwenda Koboko. Kwenye kile kilima baada ya mto gari likaanza kupungua, likaenda mwendo wa mtu, halafu likakataa kupanda. Wani alifungua boneti akakuta kifuniko cheusi cha plastiki, hakuna pa kutia mkono. Alisimama hapo na spana yake. Mwishowe walisimamisha mwenye baiskeli, wakamkalisha Kiden juu yake, Wani akaisukuma mwenyewe, Mama Kiden nyuma anamshikilia mwanawe mgongo, mpaka hospitalini.

Kiden alipona. Mtoto hakulia. Alikuwa wa kiume.

Sijui kama angeishi lau wangewahi kufika. Hilo hujiambia mara nyingi, halijawahi kunisaidia.

Siku ya mkutano wao nilikwenda, na wewe ulikuwa likizo ukaniomba uje. Ulikaa kwenye gari langu jeupe, kioo umekishusha, unakula njugu. Kwa hiyo ulisikia. Walisema fundi wa Arua ameshindwa, amesema ni masizi na mafuta mabaya. Wakanigeukia mimi mwenye kujua. Nikasema dereva ametia dizeli chafu. Lilikuwa jambo la kweli, hivyo lilitoka vizuri mdomoni.

Wani akasimama. "Mzee, mimi naweka dizeli kama ya watu yote. Mimi nilikuuliza. Wewe ulinisemea hii gari hapana kunywa hii?"

Nami, na kidole changu nimekikunja, nikasema, "Dereva mzima haambiwi mambo ya gari."

Pale ndipo ulipoyapata. Hukuona uso wa Wani kwa kuwa alikupa mgongo. Aliweka ufunguo juu ya kigoda mbele ya Mama Kiden, akaondoka kwa miguu. Hakuna aliyemwita arudi. Njiani kurudi ukaniambia, "Baba, ulimjibu!" Macho yako yalikuwa yanang'aa. Nikakununulia soda Koboko.

Gari lenyewe walilipakia kwenye lori kuja Arua, akaja mtu na kompyuta yake kutoka Kampala, kazi ya siku moja, likapumua. Lakini wanawake hawakulitaka tena, wakaliuza kwa hasara. Alilinunua mwenye duka la saruji hapa mjini. Nakutana nalo. Linakwenda Kampala na kurudi kila wiki bila kikohozi, jekundu, linang'aa, na mwenyewe analisifu kila baraza analokaa. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kuyatukana magari utakayouza. Lile halikuwa gari baya. Mimi ndiye niliyelipeleka mahali pasipo pake, nikijua, nikanyamaza. Na wanawake wa Lobule wamerudi kwenye baiskeli.

Wani hakupewa gari tena na mtu yeyote. Koboko ni mji mdogo, na neno la dereva wa shirika lilikuwa na uzito kuliko lake.

Unajua yaliyofuata kwangu. Mradi umefungwa, sote tumerudishwa nyumbani, na magari meupe yamepangwa uani safu kwa safu, hatujaambiwa yanakwenda wapi. Siku ya kurudisha ufunguo niliosha langu, nikapanga mpira wa sakafuni, nikapandisha kioo. Mizunguko minne na nusu. Watu walisimama getini wakiuliza kama yatauzwa, hata yakiwa yamechakaa, wanayataka.

Mwezi uliopita nilikwenda Koboko kuulizia kazi, nikasikia mtu ananiita. Wani, kando ya barabara, anatengeneza baiskeli. Nywele zimekuwa nyeupe pembeni. Akafuta mkono kwenye suruali kabla ya kunipa.

"Mzee! Salaam. Zamzam iko?"

Nikamwambia yuko, huenda akapata kazi Kampala ya kuuza magari. Akacheka kwa furaha ya kweli, akainua spana juu. "Huyu mutoto alikuwa napenda gari sana! Ambia yeye Wani nasalimia."

Hapo mbele yangu, saa nne ya asubuhi, hakuna mtu mwingine isipokuwa baiskeli iliyopinduliwa, maneno yote yalikuja. Na mimi nikasema, "Biashara inaendaje?" Akasema iko sawa. Nikapanda boda nikarudi. Salamu zake sikukufikishia mpaka leo, kwa sababu ningezifikisha vipi bila kueleza na haya?

Basi, binti yangu, atakuja kwako mtu dukani. Utamjua. Viatu vyake vitakuwa na vumbi la mbali, naye ataipita skrini bila kuitazama, aweke mkono ndani ya mlango akitafuta kitu cha kuzungusha. Atakuuliza kama linafunguka kwa spana. Huyo ametumwa, nyuma yake kuna watu wanaotazama barabara. Mwambie hakuna. Anza na hilo, lisikike. Ukimwona anasitasita, kwamba ataona haya kurudi, mwambie tena, hata kama mkubwa wako amesimama karibu. Ukimuuzia lingine, muulize linakwenda wapi hasa, mpaka akutajie kijiji. Halafu mweleze gari linakula nini na linataka barabara gani, na umwandikie kwenye karatasi ili ampe atakayeliendesha, asije akayameza njiani kama nilivyofanya mimi.

Na kitu kimoja zaidi, chukua daftari. Yule kijana aliniambia hakuna anayeuliza. Mimi niliuliza, naye hakuandika popote. Wangapi wameuliza kabla yangu na baada yangu, wakaondoka, na dukani ikahesabiwa kwamba hawakuwapo? Wewe andika kila anayekuja kulitafuta gari la kioo cha kuzungusha, jina lake na anakotoka. Daftari likijaa mpelekee mkubwa wako. Huenda atalitupa, au atakuambia hukuajiriwa kwa hilo. Najua tunaihitaji kazi hii, na mshahara wangu umekwisha, kwa hiyo sikuambii mambo mepesi. Nimechoka tu na kuwa baba wa maneno yale uliyoyabeba.

Kesho basi lako likishaondoka, mimi nitashika njia ya upande wa pili. Nitapanda boda mpaka Koboko, nimtafute Wani pale kwenye baiskeli zake, nimwombe tufuatane Lobule. Ni siku ya mkutano wa akina mama. Nimempigia Mama Kiden, ameuliza kuna nini, nikamwambia nina neno. Akasema, "Kuja." Kiden naye huwa anahudhuria siku hizi. Nitawaambia kwamba Wani aliniuliza nami sikumwambia, na kwamba nilisema nimepata nikiwa sijapata. Sijui kama Wani atakubali kuja nami. Naogopa, Zamzam. Naogopa kama mtoto anayengoja viboko.

Wanaanza kuingia sasa, nasikia sauti ya mjomba wako getini. Jioni hii wakiinua mikono kukuombea, utaniona nimekaa mlangoni, usinitazame sana.

Utakapokuwa unaisoma hii, nitakuwa nimekwisha kwenda, au nitakuwa nimeshindwa tena. Usinipigie mimi kuuliza. Mimi nimekwisha kukuonyesha ninavyojibu simu. Namba ya Wani nimeiandika nyuma ya karatasi. Mpigie yeye, umuulize kama baba yako alifika.

Msalimie kwanza. Alikuulizia.

Baba yako,
Rajabu